Mimi Nina Mbunge

Mbunge wetu alikuwa mzito. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hudhani namsema kwa chuki ya siasa, na mimi siasa sina. Nilimbeba mgongoni, kwa hiyo uzito wake naujua kuliko wengi waliompigia kura.

Mwaka ule wa tisini na sita, pale tulipofanyia kazi Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hapakuwa na gati. Boti ilisimama maji yanapofika kiunoni, nasi wapagazi tukaingia kuwatoa abiria mmoja mmoja mgongoni. Kisha vita vikawaka ng'ambo, Burundi na Zaire, boti zikaja zimejaa wakimbizi. Vikongwe na wajawazito tuliwabeba bure. Ungemdai nini mtu aliyekuja na sufuria moja?

Mwenzangu Bonifasi alikuwa mrefu, mcheshi, hodari kuliko sisi sote, ila alikuwa na ngiri. Aliifunga kwa kipande cha khanga ya mkewe, Agnesi, akaendelea kubeba. Hospitali walimwambia lazima apasuliwe, lakini aje kwanza na fedha ya uzi, glovu na dawa. Fedha hiyo ilikuwa kazi ya miezi minne, na hapo nyumbani asile mtu.

Siku moja wakimbizi walipokuwa kwenye foleni wakiandikishwa, nilimvuta pembeni.

"Boni, acha ujinga. Simama pale na wewe. Kiha chako na Kirundi chao nani atatofautisha? Kambini wanapasua bure."

Alicheka mpaka akashika kinena.

"Niukane ukoo wangu kwa sababu ya ngiri? Wale hawana mtu, Gervasi. Mimi nina mbunge."

Nina mbunge! Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo natamani kumzaba kofi, naye yuko chini ya udongo.

Habari za wabunge tulizipata kwenye redio ya Leodgar, muuza chai. Mshahara wanao. Wakikaa kikaoni wanalipwa tena kwa kule kukaa. Gari wanakopeshwa, na wakiugua serikali inawapeleka mpaka nje ya nchi. Wa kwetu alikuwa ametoka India kutibiwa goti. Goti, jamani! Mimi nilitukana, nikamwaga chai. Bonifasi wala hakukasirika. Alisema mtu aliyetibiwa vizuri namna ile hawezi kushindwa kuelewa maumivu ya mwenzake.

Basi mheshimiwa akaja, ametoka kutembelea vijiji vya ziwani visivyo na barabara. Bonifasi alitupiga vikumbo, akawahi boti.

"Leo namaliza shida yangu humu majini," aliniambia. "Mtu akiwa mgongoni kwako hawezi kusema ana kikao kingine."

Hiyo ilikuwa mbinu yetu ya siku zote. Ukiwa na neno na mkubwa, unamwambia majini, na unatembea polepole. Mimi nilifuata nyuma na mkoba wake, ndiyo maana nilisikia kila kitu. Bonifasi alieleza ngiri yake tangu mwanzo, mpaka majina ya dawa. Mheshimiwa alimsikiliza, siwezi kumsingizia.

"Pole sana, kijana," alisema. "Ila msidhani na sisi tunalalia hela. Posho zenyewe hazitoshi, jimbo zima linatutegemea. Tumeomba ziongezwe. Zikipita, njoo ofisini. Angalia viatu hapo."

"Asante, mheshimiwa," Bonifasi akasema.

Alimtua mchangani, yeye mwenyewe akabaki ameinama. Nilidhani anatania. Nilipomshika nikakuta jasho linamtiririka, ngiri imetoka na imegoma kurudi. Nikakimbilia shangingi, gari la mheshimiwa lililokuwa likimngoja, nikagonga kioo, nikaomba wamfikishe hospitali tu, si mbali. Nyuma palikuwa na viti vitupu, niliviona kwa macho yangu. Dereva alisema mheshimiwa anachelewa kikao, akapandisha kioo.

Tulimpeleka sisi, mgongoni, kwa kupokezana. Alikufa siku ya tatu, Agnesi bado anazunguka kwa ndugu kutafuta fedha ya uzi.

Posho zilipita. Tulisikia kwa Leodgar.

Mwaka uliofuata mheshimiwa alirudi. Wenzangu wote walijifanya wana kazi nyingine, nikaingia majini mimi. Nilikuwa nimemwapia Agnesi kwamba siku nitakayombeba mtu yule nitamwachia katikati, na suti yake, na goti lake la India. Maji yaliponifika mapajani nikasimama.

"Yule mwenzako mrefu yuko wapi?" akaniuliza sikioni. "Alinibeba vizuri sana yule."

"Tulimzika, mheshimiwa. Ngiri. Alikuomba msaada humu humu majini."

Nilisikia pumzi yake shingoni.

"Pole sana," akasema, halafu akanikaba shingo vizuri zaidi na kuinua miguu juu, maji yasimguse.

Mikono yangu ilikuwa chini ya mapaja yake. Kuiachia tu, basi. Nikawafikiria wanangu, na shangingi lililokuwa likingoja nchi kavu, na askari aliyesimama kando yake. Nikamfikisha mchangani, viatu vikavu kabisa. Nikapokea hela yangu, nikasema asante, mheshimiwa.