Salamu za Mdomo

Zedekiah Wesonga alikuwa na misumari mdomoni na goti lake likiwa limekandamiza sponji kwenye fremu ya kochi, alipokumbuka kwamba hajaomba ruhusa. Pale Satellite, pembeni mwa jiji, mafundi wa makochi hufanya kazi kando ya barabara, na mteja akipita hupewa bei huku kitambaa kikiwa bado kinavutwa. Siku hizi wateja walipapasa kochi, wakauliza bei, wakacheka peke yao, wakaenda zao. Sponji ilikuwa imepanda, gundi imepanda, hata misumari.

"Bosi," alisema baada ya kuitema misumari kiganjani, "leo ndiyo siku yangu ya kliniki."

Wainaina, mwenye karakana, hakuinua macho. "Tena? Si hiyo miwani ilishakuponya?"

"Bado."

"Haya, enda. Lakini siku ya leo silipi, na jioni tusisumbuane."

Zedekiah alinawa uso kwa maji ya mtungi, akashika njia ya kliniki, kule Spring Valley, kwa miguu. Mvua ya asubuhi ilikuwa imepandisha nauli. Katika jiji hili wingu likikunja uso tu, makanga wa matatu hukunja wao pia.

Unga, ule wa kulevya, ulikuwa umemkalia shingoni kwa muda mrefu. Ulikula cherehani yake, ukala redio, ukala godoro la watoto. Mkewe, Peres, aliwachukua watoto akaenda kwa dada yake, na aliporudi nyumbani kwao Kabiria alirudi kwa sharti moja: Zedekiah ashike mpango wa kliniki na asiuachilie. "Siku watakayokutoa," alimwambia, "napanda basi la Busia na watoto wangu, na usinifuate." Peres hakuwa mwanamke wa kutisha watu kwa maneno matupu.

Mpango wenyewe ulikuwa wa majaribio, umeletwa na wafadhili. Mgonjwa alivishwa miwani mikubwa ya kufunika nusu ya uso, akashikishwa vishikio mikononi na kubanwa kidole na kifaa cha kupima mapigo ya moyo. Ndani ya miwani alijikuta katika chumba cha mabati kama vile vya mtaani kwao, vijana wameketi kwenye benchi, unga upo. Nia ilikuwa hamu imjie akiwa mahali salama, ajifunze kukaa nayo mpaka ipungue yenyewe. Aliyepokea unga mle ndani alihesabiwa kuwa ameanguka, na ukianguka mara tatu nafasi yako hupewa mwingine. Zedekiah alikuwa ameshaanguka mara mbili. Kilichomnyima usingizi ni kwamba hakukumbuka kupokea chochote.

Langoni askari alimtaka kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma, kisha akamwambia kuwa watu wa mpango sasa wanapitia mlango wa nyuma, kule kwenye mapipa ya taka. Zedekiah alizunguka. Maskini hachagui mlango.

Nzembi, mshauri wake, alikuwa anamngoja. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na ndiye pekee pale aliyemuuliza kila mara kama amekula.

"Sasa, Zedekiah? Umekuja na miguu tena?"

"Niko sawa, sista."

"Leo tusianguke, tafadhali. Ni ya mwisho."

Alimvisha miwani. Ukumbi ukapotea, mabati yakatokea, na mwanga wa jua ukipenya kwenye matundu ya misumari. Mate yakamjaa Zedekiah mdomoni. Aliogopa hamu ile jinsi mtu anavyomwogopa mbwa aliyewahi kumng'ata. Lakini alisimama imara, akapumua polepole kama alivyofundishwa, akaingia ndani. Yule aliyekaa mwanzo wa benchi akamnyoshea mkono.

Mlio ukasikika. Chumba kikawa chekundu.

"Nimefanya nini?" Zedekiah aling'oa miwani. "Sista, haki ya Mungu sijachukua kitu!"

Nzembi hakuwa akitazama kompyuta safari hii. Alikuwa akimtazama yeye. "Mkono ulikuwa unapeleka wapi?"

"Mkono?"

"Huu wa kulia. Umeutoa mpaka mbele, na huu mwingine ukashika kiwiko."

Zedekiah alimwangalia kwa mshangao. "Nilikuwa nasalimia."

"Unasalimia nani?"

"Wale watu. Sasa nitaingia kwa nyumba ya wenyewe nikae tu, bila kusalimia?"

Nzembi aliangua kicheko mpaka akashika meza. Mama yake Zedekiah alimlea hivyo: ukiingia penye watu, wakubwa kwa wadogo, unampa kila mmoja mkono kabla hujakalia kiti. Mwacha mila ni mtumwa. Wenye kuunda ile miwani walikuwa wameiambia kwamba anayegusa mkono wa muuzaji amepokea, kwa hiyo kijana mwenye adabu zake aliandikwa kuwa ameanguka kila alipobisha hodi.

Kisha kicheko kilimkauka Nzembi. "Hebu niambie ukweli. Huko kwenu, unga unapewa aje?"

Zedekiah aliinamisha kichwa. Hilo hakuwahi kuulizwa. "Na mkono," alisema mwishowe. "Mkisalimiana. Sammy anakupa salamu, na kete ya unga iko kwa kiganja. Hata polisi akiwa hapo haoni kitu."

"Sammy ndiye nani?"

"Msee wa kwetu. Tumetoka kijiji moja."

Miwani ilikuwa imemwonea Zedekiah, na papo hapo ilikuwa imesema kweli.

Nzembi alikwenda mbio hadi kwa Mbuthia, msimamizi wa mpango, naye Zedekiah akabaki mlangoni akisikia kila neno.

"Madam, system ishamtoa."

"Alikuwa anasalimia watu, Mbuthia! Si kosa lake."

"Basi angengoja asalimie nje. Mimi siwezi fungua kitu imefungwa na wafadhili. Report inaenda leo, na kuna mtu mwingine anangoja hiyo nafasi." Akachukua koti lake, akaenda kula.

Nzembi alirudi akiwa amekunja uso. Alichomoa ukutani waya wa mtandao wa kompyuta. "Kaa chini," alisema. "Hii hakuna mtu ataihesabu. Ingia tena, na mkono ubaki kwako."

"Watanionaje, sista?"

"Watakuona mtu wa madharau. Kubali."

Mara ya kwanza mkono ulimtoka kabla hajajua. Mara ya pili aliukalia, na moyo ukampiga vibaya kuliko alipoona unga wenyewe. Kijana wa kwenye benchi aliuacha mkono wake mwenyewe hewani, akingoja. Zedekiah aliona aibu ya kweli, ile ya mbele za watu, jasho likamtiririka mgongoni. Hamu ilimpanda hadi kooni. Alisema kwa sauti, "Hamjambo nyote," akabaki pale pale. Ilichukua muda, lakini hamu ilishuka. Alipovuliwa miwani alikuwa analia, na Nzembi alimpa karatasi ya chooni afute uso kwa sababu vitambaa vilikwisha tangu mwezi uliopita.

Jua lilikuwa bado kali alipofika Kabiria. Hakuwa na mpango tena, na moyoni alikuwa akipanga jinsi ya kumdanganya Peres. Kwenye kona ya wauza makaa alimkuta Sammy, amekonda, macho mekundu, akitabasamu. Sammy huyu ndiye aliyesafiri naye usiku kucha kumpeleka mama yake Zedekiah kuzikwa, akashika jeneza upande wa mbele na kukataa kupokewa.

"Niaje, ndugu yangu!" Mkono ukaja, kiganja kimekunjwa kidogo. Zedekiah alijua kilichomo. Mwili wake wote ulijua.

Aliirudisha mikono nyuma, akaishikanisha. "Sammy, hujambo. Leo salamu ni za mdomo."

"Unasema?" Tabasamu lilimtoka Sammy. "Mkono yangu inanuka? Mimi nilikubebea mama!"

"Ulimbeba, na sijasahau." Zedekiah alirudi hatua moja nyuma. "Siku utakuja ukiwa na mkono mtupu, nitakukumbatia hapa hapa watu wakiona. Lakini leo hapana."

Wauza makaa waligeuka kutazama. Sammy alimtukana, akamtukana na ukoo wake. Zedekiah alipita akiwa amechomeka mikono kwapani, akijiona mtu mbaya kuliko wote Kabiria.

Peres alikuwa anafua mlangoni. Uongo aliokuwa ameupanga ulimpotea.

"Wamenitoa," alisema.

Mikono ya Peres ilisimama ndani ya povu. "Na hapo kwa kona umepita?"

"Nimepita. Sammy alikuwepo. Sikumpa mkono."

Peres alimkodolea macho. Alikuwa ameolewa kwa watu hawa na aliwajua: mwanamume wa kwao angeweza kulala njaa, angeweza hata kuuza godoro la watoto, lakini kumnyima mkono mtu aliyembebea mama yake?

"Hukumpa mkono Sammy?"

"Sikumpa. Nimeona aibu, Peres. Nimeona aibu sana."

Peres alijipangusa povu kwenye leso, akainuka taratibu. "Ingia ndani ule," alisema. "Kesho nafunga kibanda changu cha mboga, tutaenda huko pamoja. Huyo aliyekutoa aniambie mimi, macho kwa macho, ni nani huyo ameanguka."