Vua Miwani

"Mama, unasoma tena," alisema mpiga picha, akiinua kichwa kutoka nyuma ya kamera. "Nakuona. Macho yanatembea."

Mama Mashuka alikifunga kitabu, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa. Hiyo ilikuwa mara ya nne. Alikuwa kwenye dawati lile lile alilokalia kwa miaka miwili, kila Jumatatu na Alhamisi baada ya zamu, na kazi aliyopewa leo ilikuwa moja tu: autazame ukurasa bila kuusoma.

"Nisamehe, mwanangu. Nikiliona tu neno, linaingia lenyewe. Sijui mlango wa kulifungia uko wapi."

Mpiga picha alicheka. Mkurugenzi wa shirika, aliyesimama dirishani na simu mkononi, hakucheka. Shirika lake lilifundisha watu wazima kusoma, na wafadhili walitaka filamu ya dakika tatu: kabla na baada. Ile ya kabla ilipaswa kupigwa miaka miwili iliyopita, siku Mama Mashuka alipoingia pale hajui a wala be. Hakuna aliyekumbuka kuipiga. Sasa ilibidi ipatikane, na akachaguliwa yeye kwa sababu ndiye aliyesoma vizuri kuliko wote.

"Kigeuzeni kitabu," alisema Mkurugenzi. "Akishike juu chini."

Walikigeuza. Mama Mashuka alikitazama kwa utiifu, kisha midomo ikamponyoka. "'Siku ya kwanza mkulima...' Basi, basi. Nimenyamaza."

"Hata juu chini?" aliuliza mpiga picha.

"Mashuka yakitoka kwenye pipa hayakai sawa, mwanangu. Nami nilijifunzia kwenye lebo zake."

Alikuwa dobi wa hospitali. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama kwenye mapipa ya maji moto, na dawa ya kung'arishia ilikuwa imemla mikono mpaka vidole vikawa vyekundu na vinang'aa kama vya mtu aliyeungua jana. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea na maji yale mwaka mwingine, hiyo mikono haitafunga hata kifungo. Kazi kavu ilikuwa moja tu mle ndani: meza ya kuchambulia, ambako mtu hukaa kitini, akasoma lebo na kulitenga kila shuka kwa wodi yake. Meza ilikuwa wazi tangu juzi. Msimamizi alikuwa amemwambia, "Nikikuona kwa macho yangu unasoma, ni yako." Na leo saa tano msimamizi angekuja hapa hapa, maana shirika lilikuwa limemwomba aseme maneno mawili kama mwajiri.

Kwa hiyo Mama Mashuka alikuwa radhi kuigiza chochote, mradi waishe kabla ya saa tano.

"Vua miwani," alisema Mkurugenzi.

"Nivue?"

"Vua tu, mama. Tuone."

Mama Mashuka alimgeukia Mwalimu, binti aliyevaa gauni la samawati, aliyekuwa amekaa nyuma na daftari la mahudhurio mapajani. Mwalimu ndiye aliyegundua kwamba herufi ndogo zilimsumbua kwa macho wala si kwa akili, akamshika mkono hadi kliniki ya macho. Mwalimu alimwitikia kwa kichwa, kidogo sana.

Akavua. Darasa likawa ukungu. Mpiga picha aliichukua miwani isije ikaonekana mezani, akaitumbukiza kwenye begi la betri. Muda mfupi baadaye betri ilipoanza kupiga kelele, aliweka nyingine, akampa dereva lile begi lenye zilizoisha akazichaji ofisini, na gari likaondoka. Hakuna aliyekumbuka kilichokuwa ndani.

"Haya, mama. Soma."

Mama Mashuka aliinamia ukurasa. Vilikuwa vijiti na vidoa. "Si... su... siki..." Alikisogeza kitabu, akakirudisha. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Ile hofu ya zamani, ya kusimama mbele ya dirisha la ofisi huku watu nyuma wanaguna, ilimrudia kama vile haikuwahi kuondoka. "Mku... mkuki..."

"Safi kabisa," alinong'ona Mkurugenzi. "Endelea. Jikwae zaidi. Weka kidole. Ndiyo, tetemeka hivyo hivyo."

Alitetemeka. Hakuwa anaigiza tena.

"Kumbe," ilisema sauti mlangoni.

Mama Mashuka aliijua sauti hiyo bila miwani: ya msimamizi wake. Kazini walimwita Pasi, si kwa sababu alipiga pasi, bali kwa sababu hakumgusa mtu bila kumwachia alama. Alikuwa amewahi kwa nusu saa nzima.

"Madam, karibu," Mama Mashuka alisema, akainuka na kugonga goti kwenye dawati. "Haya ni maigizo tu. Wananipiga ile ya zamani, ya kabla."

"Maigizo?" Pasi alimgeukia Mkurugenzi. "Mnaigiza hapa?"

Mkurugenzi alijikohoza. "Shirika letu haliigizi, Madam. Filamu zetu ni ukweli mtupu. Wafadhili hawapokei kitu kingine."

"Mwalimu," alisema Mama Mashuka. "Mwalimu, mwambie."

Kutoka pale aliposimama, Mwalimu alikuwa doa la samawati. Hakuweza kuona kama doa lile linamtazama yeye au linatazama sakafu. Mkataba wa Mwalimu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Mama Mashuka alilijua hilo, na hata wakati ule alijitahidi kulikumbuka.

"Bado anajifunza," lilisema lile doa.

Pasi alifungua mkoba, akatoa karatasi na kuikunjua. "Mimi si mtu wa kusikia maneno ya pembeni. Hii ni orodha ya wodi. Nisomee mistari miwili, tumalize."

"Ngoja nivae miwani." Alipapasa juu ya dawati. "Mwanangu, miwani yangu iko wapi?"

Mpiga picha alishika mifuko yake, kisha akashika kichwa. "Iko kwenye begi. Begi limeondoka na dereva."

Pasi alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Miwani! Nilipokupa fomu ya bima, miwani ilikuwa nyumbani. Nilipokupa fomu ya likizo, mjukuu ameikalia. Siku ya kusaini zamu mpya, sijui imeibiwa. Mwenzangu, miaka yote hiyo ulikuwa huna hata fremu!"

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameisema sentensi hiyo mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe, wakati ambapo hakuwa na miwani wala sababu ya kuwa nayo. Sasa alikuwa nayo, na sentensi ilikuwa ile ile.

"Leo ni kweli, Madam. Nakuapia."

"Na zile siku nyingine ulikuwa unaniimbia?" Pasi aliikunja karatasi. "Mwaka jana shuka la wodi ya maambukizi lilitandikwa kwenye kitanda cha mtoto. Sibahatishi tena. Mezani atakaa yule binti wa kukunja. Wewe kesho saa kumi na mbili mapipani, kama kawaida."

Alitoa simu akapiga pale pale, akasema maneno matatu, akakata. Zamu ikishatoka mdomoni mwa Pasi huwa imebandikwa, na haibanduki mpaka mwaka uishe. Mama Mashuka alikaa chini. Mikono aliificha chini ya dawati.

"Madam, kabla hujaondoka," Mkurugenzi alisema kwa adabu, "yale maneno mawili kwa kamera?"

Pasi alijiweka sawa kilemba. "Ni mchapakazi. Kusoma hajui, ila ni mchapakazi." Akaaga na kwenda zake.

Mama Mashuka alilia bila sauti, machozi yakidondokea kitabuni. Alipoinua uso aliona nukta nyekundu, kitu pekee alichokiona vizuri tangu asubuhi. Kamera ilikuwa inaendelea.

"Umeipata?" Mkurugenzi aliuliza.

"Yote," alisema mpiga picha, kwa sauti ya chini.

"Mungu mkubwa. Hapo tumemaliza ile ya kabla."

Dereva alirudi wakati wanakunja nyaya. Miwani ilikuwa na alama za vidole kwenye vioo vyote viwili. Mama Mashuka aliifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, na kila kitu kikarudi mahali pake: ubao, dirisha, Mwalimu anayepanga daftari ambalo lilikuwa limeshapangwa.

"Mama, kesho ukitoka zamu tunapiga ile ya baada," alisema Mkurugenzi, akimpa karatasi. "Gauni la rangi, tabasamu. Cheti tutakukabidhi mbele ya kamera, kwa hiyo usikose. Hivi ndivyo utakavyosoma."

Aliisoma kimya, kwa pumzi moja. *Kabla ya shirika hili nilikuwa kipovu. Sasa naona.* Akarudi kwenye lile neno. Si kipofu. Kipovu. Na chini yake mhuri wa shirika, na saini tatu.

Alimwangalia Mwalimu. Mwalimu alikuwa anafunga dirisha.

"Nisome hivi hivi?"

"Neno kwa neno," alisema Mkurugenzi. "Imeshapitishwa na makao makuu. Usiguse hata herufi."

"Sawa, baba," alisema Mama Mashuka, akaikunja karatasi mara nne. "Sitagusa."

Taa waliziacha zimesimama pale pale, zimefunikwa vitambaa, na kiti wakakigeuzia dirishani, tayari kwa jua la kesho.