Mgeni Rasmi wa Siliguri

Siku hiyo Mitini wangu alikuwa bado anaona vitu vikubwa: basi, tembo, na Bwana Haradhan mwenye ukumbi wa sinema. Vidogo vilishamtoka. Daktari wa macho alisema ikifika sikukuu ya Dashain ataona mwanga na kivuli tu. Ndiyo maana tulipanda basi kutoka Dharan, tukavuka mpaka wa India hadi Siliguri, vikongwe wawili na Numa, mjukuu wa kaka yangu, aliyeitengeneza filamu.

Filamu yenyewe ni sisi. Mitini ni rafiki unayefungwa naye undugu mbele ya kuhani, mkavishana maua na kubadilishana sarafu, na tangu hapo hamwitani tena majina. Sisi tulifungwa tukiwa na miaka kumi na tisa, na kijiji kizima kilikula wali wetu bila kujua kimehudhuria harusi. Miaka arobaini na sita, nyumba moja, blanketi moja. Aliyetuuliza ni Numa peke yake.

Mjini Biratnagar, upande wa kwetu, walituonyesha kwenye televisheni tu. Mitini aliona ukungu unaoongea. Siliguri ndiko tulikopata pazia kubwa kama ukuta, kwenye tamasha la filamu za wanawake wapendanao, wanaume wapendanao na mahijra, wale wa jinsia ya tatu wavaao kike, ambao siku ile walipendeza kunizidi. Nikawasamehe.

Saa tisa ilipogonga watu wamejaa, Numa akanijia mbio pembeni ya jukwaa, midomo imemkauka.

"Bibi, haifunguki."

Filamu za ukumbi hufungwa kwa ufunguo wa namba zisiibwe, na ufunguo hufanya kazi saa iliyoandikwa tu. Wetu uliandikwa saa tisa na robo.

"Ni mimi," alisema. "Niliwaandikia wenye ufunguo saa ya kwetu, wao wakaiweka kama saa ya hapa."

Saa ya Nepal iko mbele ya saa ya India kwa robo saa. Robo saa si kitu kama unasubiri chai. Lakini tangu asubuhi Bwana Haradhan alikuwa anapigiwa simu na watu wasiotaja majina, wakimwambia vioo vyake ni vizuri mno kuvunjwa. Alitaka tuondoke, ila hakuwa na sababu. Na mkataba ulisema onyesho lisipoanza ndani ya dakika kumi, anaruhusiwa kututoa ukumbini. Alisimama mlangoni akitazama saa ya mkononi kama anamtazama mke anayechelewa.

"Nikamwombe?" Numa akauliza.

"Nyamaza! Utamkabidhi sababu mkononi. Ile taa ya shaba ya ufunguzi iko wapi?"

"Ilishawashwa asubuhi, bibi."

"Basi kaizime."

Nikapanda jukwaani, magoti yakilalamika, nikashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, onyesho letu haliwezi kuanza bila mgeni rasmi. Naye tunaye. Bwana Haradhan, karibu mbele!"

Mahijra wakapiga makofi yao yale, paa likatetemeka.

"Mimi? Hapana, mama, mimi nina kazi," alisema. Lakini mkono ulishaenda kwenye nywele.

Nikamvisha skafu ya hariri. Nikampa kiberiti. Taa ina tambi tano. Ya tatu ikazimwa na feni, Mungu aibariki feni ile. Ilipowaka ya tano ilikuwa saa tisa na dakika nne. Nikampa kipaza sauti.

Akaanza na marehemu baba yake, aliyejenga ukumbi kwa kuuza mchele. Akaeleza kila gunia. Kwenye safu ya mbele Mitini alikaa wima, uso ameuelekeza kwenye pazia tupu, hataki kupepesa macho.

Saa tisa na dakika kumi na moja Bwana Haradhan alitazama mkono wake. Niliona amekumbuka mkataba.

"Muda..." alianza.

"Na mama yako?" nikamwuliza. "Baba tumemsikia. Mama hakuwepo?"

Akanitazama. Simu ikatetemeka mfukoni mwake, wakaisikia mpaka waliokaa nyuma. Hakuipokea.

"Mama ndiye aliyeuza tiketi," alisema polepole. "Miaka thelathini na miwili, kwenye kile kidirisha. Hakuwahi kuona filamu hata moja mpaka mwisho. Alikuwa akitoka kuhesabu viti."

Akaendelea kumsema mama yake, na sauti ikawa ya mtu mwingine. Sikusikiliza vyote, nilikuwa natazama kitundu cha mashine ya filamu, juu ukutani nyuma. Robo saa ikatimia, kikawaka.

Taa za ukumbi zikazimika. Bwana Haradhan akashuka, akaniinamia. "Umenichezea, bibi. Dakika kumi zilipita."

"Onyesho umelifungua mwenyewe saa tisa na nne, mbele ya watu mia mbili. Kaa. Mgeni rasmi haondoki kabla ya mwisho."

Akaangalia mlangoni. Akazima simu, akakaa.

Nikaenda kwa Mitini. Pale juu kwenye pazia tulikuwa sisi wawili, wakubwa kama milima, darini kwetu tunakaanga sel roti, maandazi yetu ya duara.

"Umenenepa," alisema.

"Ni pazia kubwa."

"Pazia gani! Nakuona."