Karatasi Chini ya Mtutu

Mkuu wa kikosi alikuwa na dawa ya kila ugonjwa, ila hakuwahi kumgusa mgonjwa. Bunduki ya Jicho ilipoanza kutawanya risasi, wiki moja kabla ya mashindano, alitoa sababu tatu kabla chai yake haijapoa: upepo, risasi za mwaka juzi, na Jicho mwenyewe, ambaye bila shaka siku hizi anakunywa.

Jicho, mpiga shabaha wa kikosi kwa miaka tisa, hakunywa chochote kikali kuliko soda. Fundi wa silaha alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana Jicho alikuwa mdogo wa mume wake, na kila harusi ya ukoo ndiye aliyewarudisha watu nyumbani kwa gari. Lakini Mkuu alishatamka: bunduki isipopona kufikia Ijumaa, Jicho anahamishiwa getini.

"Shemeji, niokoe," Jicho alisema akiingia ghalani. "Mimi na geti tutagombana."

"Acha vichekesho, niambie. Zinatawanyika zote?"

"Mbili za kwanza zinakaa pamoja kama maharusi. Ya tatu inahama. Ya tano hata siijui ilikokwenda."

Fundi akachomoa bisibisi nyuma ya sikio. Alikaza skrubu zote, akabadilisha darubini, akasugua mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Wakaenda uwanjani. Mbili pamoja, ya tatu pembeni, ya tano kwenye kichuguu. Fundi alisonya kwa hasira, akaushika mtutu, akarudisha mkono upesi. Ulikuwa wa moto.

Basi hapo ndipo akili ilipomjia. Ikiwa baridi inapiga vizuri. Ikipata moto inaharibika. Mtutu wa moto unataka nafasi yake, usibanwe na mbao inayoubeba. Akachukua karatasi, akaipitisha kati ya mtutu na mbao. Siku zote karatasi hupita mpaka mwisho. Hii ilikwama nusu ya safari.

Akafungua bunduki. Ndani ya kijifereji ambamo mtutu hulala kulikuwa na vanishi nene, imeganda kama uji wa jana. Akakumbuka: mwezi uliopita, yeye akiwa likizo, Mkuu alimleta fundi wa milango azipake bunduki zote kwa ajili ya ukaguzi. Waraka ulikuwa bado ukutani, sahihi kubwa kuliko maneno: "Kila mbao ing'ae, ndani na nje." Bunduki nyingine hazikulalamika kwa kuwa tangu ukaguzi hakuna aliyezifyatua.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakukijua kikosi hiki, ambamo mchimba kisima humsukumia humo shemeji wa mtu.

Alikwangua siku mbili. Alhamisi jioni risasi tano za Jicho zilifunikwa na kisosi kimoja, naye fundi akapeleka taarifa ofisini. Mkuu aliisoma, akaisoma tena, shingo ikamvimba.

"Andika hali ya hewa."

"Hali ya hewa haikupaka vanishi, Mkuu."

"Sawa. Maadamu bunduki imepona, nitaipiga mwenyewe."

"Na Jicho?"

"Barua yake imeshagongwa muhuri," Mkuu alisema, kana kwamba muhuri ulijigonga wenyewe.

Jumamosi, siku ya mashindano, mgeni rasmi alikuja na msafara wake, akapewa kiti cha mbele. Mkuu akalala kwenye mkeka, tumbo likitangulia, akafyatua tano. Moja ilipata ukingo wa shabaha yake, moja ikapata shabaha ya jirani, tatu zikapotea moja kwa moja. Akainuka akihema.

"Fundi! Bunduki hii bado mbovu!"

Fundi alikuja bila haraka, karatasi mkononi. Mtutu ulikuwa ungali wa moto. Akaipitisha karatasi mbele ya watu wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, wala haikukwaruza.

"Imepita, Mkuu."

Mkuu akatazama juu kutafuta upepo. Bendera zote zilikuwa zimelala. Mgeni rasmi akakohoa kuficha kicheko, kisha akauliza, "Kwani mpiga shabaha wenu ni nani hasa?"

Fundi alikuwa na uchungu wa wiki nzima, na hakuona sababu ya kurudi nao nyumbani.

"Yuko getini, mheshimiwa," alisema. "Ndiye aliyekufungulia."