Mikato Iliyodondoka

Asubuhi moja ya Februari 1993, katika ofisi ya takwimu za mvua mjini Dodoma, Evarista aliwasha kompyuta iliyoletwa na wafadhili, akaanza kuirekebisha programu yake. Kwao wafadhili, mkato hutenga desimali. Huku hutenga maelfu. Kwa hiyo kijiji kimoja nyuma ya Buigiri, kilichopata milimita 1,250 Januari nzima, yaani moja na robo, wakubwa walikisoma kuwa kimepata elfu moja mia mbili hamsini. Kikakatwa kwenye mgawo wa mahindi ya njaa.

Lea, mama wa makamo aliyekuwa akifagia ofisi, alizaliwa kijiji hicho. Ndiye aliyeuliza, "Mvua yote hiyo ilinyesha tumelala?"

Evarista aliandika amri fupi: palipo na mkato, weka nukta. Alipobonyeza, mikato ikaanza kudondoka kutoka kwenye tundu la diski, myeusi, yenye vimkia. Ikajaa mezani, ikamwagikia sakafuni.

"Inua miguu, mwanangu," Lea alisema, akafagia. Aliisugua michache kiganjani. "Hii inaota." Akaifunga kwenye pindo la khanga.

Evarista alipeleka karatasi mpya kwa Bwana Gideoni, mkuu wa ofisi. Aliisoma yote.

"Uko sahihi. Lakini mgawo nimeshausaini. Nikibadilisha, wataona sikusoma."

"Hukusoma, Bwana."

"Ndiyo maana."

Jumamosi Lea alikwenda kwao akaipanda mikato kwenye udongo mkavu. Haikuhitaji maji. Ikaota mlenda, majani yamejikunja kidogo nchani.

Mwezi uliofuata alimchukua Evarista wakale.

"Shikamoo, bibi," Evarista alimsalimu mama mzazi wa Lea.

"Marahaba. Karibu," bibi akatua, akavuta pumzi, "ule."

Kijiji kizima sasa kiliongea hivyo. Aliyekula mlenda ule alitua katikati ya maneno, na mwenzake akapata nafasi ya kufikiri. Ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba walikuwa wamepatana. Evarista alimega ugali wa uwele, akachovya. Ulikuwa mtamu, akaongezwa.

Walipokuwa wakila, lori la mahindi ya njaa lilipita barabarani, limejaa, bila kupunguza mwendo.

"Lile si," Lea akatua, "letu."

"Namba," Evarista akasema, naye akatua, "nilizirekebisha."

"Tunajua, mwanangu," bibi alisema, akamsogezea bakuli.