Babu Anatakiwa Alie

Faili langu la ushahidi lilikuwa limejaa hadi halifungiki. Lilikuwa na picha za watoto wakinawa mikono, barua za wazazi, ratiba ya usingizi, mpaka maelezo ya jinsi ninavyobadilisha nepi, kana kwamba kuna mtu anayebadilisha nepi huku akitazama dari. Lilibaki pengo moja tu: mtathmini anione kwa macho yake nikimtuliza mtoto anayelia kwa kuachwa na mzazi. Bila hilo sipati cheti cha ulezi wa watoto, na bila cheti, mwisho wa mwezi natolewa chumba cha watoto napelekwa kufua mashuka. Sheria ni msumeno, niliambiwa.

Shida ni kwamba watoto wangu walikuwa hawalii.

Wa mwisho kulia alikuwa Babu. Umri wake miaka mitatu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hutembea ameweka mikono nyuma kama mstaafu anayekagua shamba. Alipoletwa kituoni mara ya kwanza, alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mama yake ni fundi cherehani, mtu wa haraka haraka, na alikuwa akimtoroka. Nikamwambia, "Dada, usimtoroke. Muage, akuone ukienda. Atalia, lakini atajua umekwenda na utarudi." Na Babu nikamwahidi kwamba mama haondoki tena bila kumuaga. Wakawa wanaagana dirishani kila asubuhi, na siku zilivyokwenda Babu mwenyewe ndiye akawa anamfukuza: "Nenda, mama, utachelewa." Nilijivuna, sifichi.

Mtathmini alikuja mara mbili, akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti karibu yamguse kidevu, akaondoka mikono mitupu. "Watoto wako wametulia mno," alisema. Sikujua kama nimesifiwa au nimesutwa.

Ikabaki mara ya mwisho. Asubuhi hiyo Bosi, mwenye kituo, alinipita mlangoni akasema, "Leo analia mtu. Wewe fanya kazi yako tu." Nilidhani ananitania, ndiyo tabia yake.

Babu alivua viatu, akavipanga chini ya benchi, akaenda dirishani. Hapakuwa na mtu. Akaita "Mama" kwa sauti ya kawaida. Akatazama mlangoni. Mimi kwa kimo changu nilimwona mama yake akitoka nje kwa mlango wa jikoni, ameinama, viatu mkononi, Bosi akimfungulia geti. Babu akageuka akanitazama, kisha akaanza kulia.

Kilio cha ukaidi nakijua, na cha njaa nakijua. Hiki kilikuwa kile cha siku ya kwanza.

Nikamgeukia mtathmini, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kilekile cha watoto. "Huyu ametorokwa makusudi ili alie mbele yako. Nakuomba usiandike."

"Mwalimu, mimi naandika ninachokiona," alijibu kwa upole kabisa. "Mtoto analia. Endelea."

Ningefanya nini? Nikimbeba, ninafaulu. Nikimwacha, mtoto wa watu analia. Nikachuchumaa, nikamwita kwa jina lake la kweli, nikamwambia mama amekwenda kazini na atarudi, nikambeba. Kila nilichofanya kilikuwa sawasawa, na kila nilipofanya nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi nyuma yangu. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto, lakini sikuwa na pa kuipeleka, maana mtoto alikuwa amenilalia begani.

Mtathmini alinipa mkono, akasema nimefaulu vizuri sana. Bosi akasema machozi ya mtoto hukauka upesi, cheti ni cha maisha. Jioni mama yake Babu alinishika kiganja. "Bosi aliniambia wasipokuona ukimtuliza mtoto leo, wanakutoa chumba cha watoto. Umetufanyia mengi, mwalimu. Nikaona na mimi nikusaidie." Alikuwa anatabasamu, amefurahi kutoka moyoni. Nikamwambia asante.

Kesho yake walifika mapema. Babu alikuwa amelikamata gauni la mama yake kwa mikono yote miwili, na mama alikuwa akijaribu kumbandua kidole kimoja kimoja huku akicheka kwa aibu.

"Mtazame mwalimu wako yule pale," alimwambia. "Nenda kwa mwalimu."

Babu akatazama. Aliponiona ni mimi, akalikamata gauni zaidi.