Mbavu za Sindano

Perpetua alikuwa afisa lishe, na balaa lote lilianzia hapo. Angekuwa mhasibu au mpima ardhi, Bariadi isingejisumbua na mbavu za mbwa wake.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa Kiitaliano, ndugu mdogo wa wale mbwa wa mbio: vijiguu vyembamba, tumbo limeingia ndani, na mbavu unaziona ukiwa ng'ambo ya barabara. Alimpata kwa mzungu mmoja wa Mwanza aliyemaliza mkataba, akamwita Sindano. Tangu Perpetua ahamishwe kutoka Bukoba kuja Bariadi, Sindano ndiye pekee aliyemngojea mlangoni jioni, naye Perpetua alimpenda kupita kiasi, tusifichane. Alimpiga mswaki. Asubuhi za baridi alimvika sweta. Chakula alimpimia kwa kikombe, maana mbwa wa namna ile akinenepa mifupa inamshinda. Akiruka tu kutoka kwenye kochi, mguu umekwenda.

Majirani waliona sweta na mbavu, basi.

"Anamvika ili tusione," alisema Lukresia, jirani yake, mhudumu wa afya wa mtaa.

Mwenyekiti wa mtaa, Mahona, akaitisha kikao. Perpetua alieleza mpaka koo likakauka: kwamba ndivyo walivyoumbwa, kwamba huyu ni mzima. Wakamsikiliza kwa adabu. Kisha Lukresia akatoa kwenye mkoba ule utepe wa kupimia mikono ya watoto, akauzungusha kwenye mguu wa mbele wa Sindano. Ukasoma nyekundu.

"Mayu, mama yetu," Mahona alimwambia kwa upole, "huu utepe si wewe uliyetufundisha? Mtoto akisoma nyekundu unasemaje?"

Perpetua aliufungua utepe mguuni. Mtoto angemkimbiza wodini.

Sasa, Usukumani ng'ombe akikondea kwako unampeleka kwa mwenye malisho, akae huko mpaka anawiri. Hakuna aibu, ng'ombe anabaki wako, na mtunzaji anakunywa maziwa. Kikao kikaamua iwe hivyo kwa Sindano. Kwamba Sindano ni dume, na habari ya maziwa itakuwaje, hakuna aliyetaka kuijadili. Akakabidhiwa Mzee Masele, mfugaji wa pembezoni mwa mji, ambaye kwake hata paka walitembea kwa shida kwa ajili ya shibe.

Perpetua alilia njia nzima. Wenzake waliogopa njaa. Yeye aliogopa shibe. Kila akitoka kazini alipanda bodaboda mpaka kwa Masele, akamkuta Sindano ameketi mbele ya beseni la maziwa mgando, ugali na michembe ya viazi vikavu, na Anyesi, mke wa mzee, akimbembeleza aongeze tonge. Perpetua alimpapasa miguu mmoja mmoja, akashukuru Mungu bado iko minne.

Lakini Sindano hakunenepa. Mbwa wale huwinda kwa macho. Kitu kikitikisika mbali, kiwe ndama au gazeti lililopeperushwa na upepo, ameshaondoka, na ukimwita unajichosha bure, macho yakifunguka masikio yanajifunga. Alilizunguka zizi mpaka ng'ombe wakashikwa kizunguzungu. Beseni zima liliishia miguuni.

Lukresia alipokuja kupima, utepe ulisoma nyekundu ileile. Hapo watu wakaanza kumtazama Masele. Chakula cha mbwa kinakwenda wapi? Gulioni wanawake walimuuliza Anyesi kama siku hizi mumewe ana hamu kubwa ya kula.

Masele hakuwahi kutukanwa juu ya mifugo tangu azaliwe. Alifika kikaoni na Sindano kwapani.

"Nimemlisha kuliko nilivyomlisha mama yangu mzazi!" alifoka. "Mchukueni!"

Mahona akafikiri sana. Mnyama akikonda kwa mtu mwingine, ana njaa. Akikonda kwa Masele, huyo anakufa.

"Arudi kwa mwenyewe," aliamua. "Akafie kwao."

Kikao kizima kikainamisha vichwa. Perpetua naye akainamisha chake, kuficha furaha iliyokuwa ikimpasua.

Jumamosi asubuhi alifungua mlango akakuta mikeka imetandikwa uani, sufuria kubwa iko mafigani, na wanawake wa mtaa wanashusha kuni.

"Mwangaluka, mayu. Pole," alisalimia Lukresia. "Tumekuja kukaa na wewe. Uko ugenini, msiba ukikukuta peke yako nani atakupikia?"

"Lakini hajafa!"

"Ndiyo. Bado."

Perpetua alitaka kucheka, machozi yakamtoka badala yake. Tangu ahamie mji ule hapakuwahi kuingia mtu uani pake kukaa, na sasa hapakuwa na pa kukanyaga. Sindano akatoka na sweta lake, akawapita waombolezaji wote, akapanda mapajani kwa Masele aliyekaa ukutani bado amenuna. Akajichimbia chini ya shuka la mzee, akalala. Masele akalivuta shuka taratibu limfunike mgongo.

"Wewe ni mtaalamu," alimnong'oneza Perpetua. "Niambie ukweli. Amebakiza muda gani?"

"Akitunzwa vizuri? Miaka kumi na miwili hivi."

Masele alimtazama mgonjwa, akautazama na umati uliokaa mikekani.

"Lukresia," aliita, "kuni hizi hazitoshi."